Sadaka, Wakfu na Amana: Uhakiki wa Hoja ya Kufungua au Kufunga Programu za Kiswahili

Utangulizi

Katika ufuo wa bara unaotazamana na Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Mkomani, pana kaburi la Rosine Krapf, aliyefariki mwezi wa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika pwani hii pamoja na mumewe. Mume huyo, Johann Ludwig Krapf, hakurudi kwao baada ya msiba. Alibaki akajifunza lugha ya watu wa Mvita na kuyaorodhesha maneno yao. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufariki. Tangu hapo maneno yaliyokuwa yakiishi vinywani mwa wenyewe yakawa pia kitabu, na kitabu hicho kikawa na jina moja tu kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Suala la nani hasa ni mwenye maneno limerudi tena kwa sura mpya. Chukuliwe mfano wa kubuni, ambao hata hivyo hauko mbali na hali ilivyo. Kijana wa Mkomani, mwenye ujuzi wa kompyuta, ametunga programu ya kusahihisha tahajia inayoyatambua maneno ya Kimvita. Maneno hayo ameyapata kwa bibi yake, kwa wavuvi, kwa mafundi wa majahazi na kwa akina mama waimbao harusini. Baadhi yao amewarekodi sauti. Sasa kazi imekamilika, naye yuko njia panda. Je, aitoe programu hiyo pamoja na maandishi yake ya ndani, ili kila mtu aisome, aitumie na kuibadilisha? Au aifunge, awauzie wachapishaji na makampuni ya simu, apate riziki yake?

Makala haya yana nia ya kuhakiki hoja zinazotolewa na pande mbili za mjadala huu. Upande mmoja unadai kwamba kila kitu kifunguliwe. Upande wa pili unadai kwamba kufungua ni kugawa mali ya watu bure. Inadaiwa hapa kwamba pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja, nayo ni kuvichukulia vitu vitatu vilivyo tofauti kana kwamba ni kimoja: orodha ya maneno, programu yenyewe, na sauti za watu.

Programu kama matini

Pengine msomaji atauliza suala hili linahusu nini idara ya lugha. Jibu la kwanza linatokana na sheria yenyewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 kuhusu haki za ubunifu katika biashara, ujulikanao kwa kifupi kama TRIPS, unaagiza kwamba programu za kompyuta zilindwe kwa namna ile ile zinavyolindwa kazi za kifasihi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inaiweka programu ya kompyuta katika fungu moja na riwaya, tamthilia na insha. Kwa hiyo, mbele ya sheria, mtunzi wa programu ni mwandishi, na alichokitunga ni matini.

Ikiwa programu ni matini, basi ina tofauti moja kubwa na matini nyingine zote. Riwaya haiwezi kusomwa bila kufunuliwa. Programu yaweza kutumiwa na maelfu ya watu pasi na hata mmoja wao kuisoma. Mtunzi huiandika kwa lugha ya maagizo ambayo binadamu aliyejifunza aweza kuifuata. Huu ndio msimbo asilia. Kisha msimbo huo hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu ambao mashine huuelewa lakini mtu hawezi kuusoma kwa raha. Anayefunga programu huwapa watu zile tarakimu peke yake. Anayeifungua huwapa na msimbo asilia.

Hapa ndipo lilipo jambo la msingi kwa mhakiki. Uhakiki hauwezekani pasipo matini. Mhakiki akiambiwa kwamba shairi fulani ni zuri lakini halionyeshwi, atakuwa na haki ya kucheka. Lakini hivyo ndivyo ilivyo kila mara programu iliyofungwa inapotoa hukumu juu ya Kiswahili. Mwandishi wa Mvita huandika "mato" kwa maana ya macho, au "ndia" kwa maana ya njia, na programu ya tahajia huyapigia mstari mwekundu chini. Huo mstari ni hukumu. Unasema kwamba neno hilo si Kiswahili. Nani aliyehukumu? Kwa kutegemea kamusi ipi? Hakuna ajuaye, kwa kuwa orodha ya maneno imefichwa.

Tatizo haliishii katika kukataliwa kwa maneno. Kuna maneno ambayo programu huyakubali kwa kukosea. Neno la Kimvita "kuteka", lenye maana ya kucheka, litapita bila mstari wowote, kwa sababu katika Kiswahili sanifu pana "kuteka" kwa maana ya kuchota maji. Mzawa wa Mvita hayachanganyi maneno haya mawili. Sauti ya /t/ katika "kuteka" kwa maana ya kucheka hutamkwa ulimi ukigusa meno, ilhali ile ya kuteka maji hutamkwa ulimi ukigusa ufizi. Tahajia sanifu haina herufi mbili za kutofautisha sauti hizi. W. E. Taylor, aliyefanya kazi Mombasa katika robo ya mwisho ya karne ya 19, alijitahidi kuzitenganisha kwa alama. Kwa hiyo jambo ambalo mtaalamu alilitambua zaidi ya miaka mia moja iliyopita laweza kufutwa na programu, na asipatikane wa kuulizwa.

Haidaiwi hapa kwamba tahajia sanifu ibadilishwe. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe mwaka 1928, na kazi kubwa imejengwa juu ya uamuzi huo. Linalodaiwa ni dogo zaidi: uamuzi wa mwaka 1928 ulijulikana, ulijadiliwa, na unaendelea kujadiliwa na wasomi mpaka leo. Uamuzi uliomo ndani ya programu iliyofungwa haujadiliki.

Funzo la kamusi ya Krapf

Historia ya kamusi za Kiswahili inatoa funzo ambalo watunzi wa programu wangenufaika nalo. Kamusi ya Krapf ina makosa mengi. Maneno ya lahaja mbalimbali yamechanganywa, tahajia yake ni ya mtu aliyezoea Kijerumani, na baadhi ya maelezo yake ni mahubiri kuliko maana. Hata hivyo ilichapishwa, na kwa kuwa ilichapishwa ilisahihishika. Mwaka 1925 ilitoka kamusi ya Harry Kerr Binns wa Frere Town, jirani kabisa na Mkomani, nayo ilikuwa ile ile ya Krapf iliyopitiwa na kupangwa upya. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939 iliyojengwa juu ya ile ya A. C. Madan, alimtaja Krapf mara nyingi pale ambapo neno lilipatikana kwake peke yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, nayo haikuanza patupu.

Huu ni mnyororo wa kazi zilizo wazi. Kila mmoja alimsoma aliyemtangulia, akachukua, akakosoa, na akaacha alama ya alikochukua. Hivyo ndivyo watunzi wa programu huria wanavyofanya kazi, ingawa wao huona kwamba utaratibu huo ulianza mwaka 1983, pale Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU huko Marekani. Wanaleksikografia walikuwa na utaratibu huo kabla yao.

Lakini mnyororo huo una upande wa pili usiopendeza. Waliompa Krapf maneno hawakutajwa kwenye ukurasa wa jina. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na Taylor. Karatasi za Taylor ziliishia katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Mashairi hayo yalipigwa chapa mwaka 1940 huko Johannesburg chini ya uhariri wa William Hichens, na ilibidi kungoja mpaka mwaka 1979 ndipo Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka kupitia mchapishaji wa Nairobi. Kwa kipindi kirefu, mtu wa Mombasa aliyetaka kuisoma hazina ya malenga wa mji wake kwa ukamilifu alihitaji nauli ya meli au ya ndege.

Basi mtu akimwambia kijana wa Mkomani afungue kila kitu, kijana huyo ana haki ya kukumbusha kwamba pwani hii imewahi kufungua sana, na waliofaidika kwanza hawakuwa wenyewe.

Neno "huria" na udhaifu wake

Kabla ya kuendelea yafaa kulichunguza neno lenyewe. Kwa Kiingereza mjadala huu umevurugwa kwa muda mrefu na neno moja lenye maana mbili, yaani pasipo malipo na pasipo kufungwa. Kiswahili hakina tatizo hilo. "Bure" ni bure, na "huru" ni huru. Watafsiri wa Afrika Mashariki walichagua "programu huria", na chaguo hilo lilikuwa la busara, kwani neno "huria" lilikuwa tayari limezoeleka katika "Chuo Kikuu Huria", taasisi iliyoanzishwa Tanzania mwaka 1992, ambapo lina maana ya kutobagua anayeingia.

Hata hivyo neno lina jamaa zake. Msomaji aliyekua katika miaka ya mageuzi ya kiuchumi amelisikia zaidi katika "soko huria", ambapo maana yake si kushirikiana bali ni kila mtu kuvuta kwake. Hivyo basi "programu huria" yaweza kumpa msikilizaji picha mbili zinazopingana: mlango ulio wazi kwa wanafunzi, na soko lisilo na msimamizi. Si ajabu kwamba mjadala wa kufungua na kufunga hugeuka haraka kuwa ugomvi. Kila upande unatumia neno moja kwa picha yake.

Mradi ulioliingiza neno hili katika kazi halisi ni ule wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na shirika la Sweden liitwalo IT+46. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wake wa kuzifanya programu zake ziseme Kiswahili. Kwa mara ya kwanza wazungumzaji wa lugha hii walikuwa na njia mbili za kufikia lengo moja, ya wazi na iliyofungwa.

Katika tathmini ya haki, njia zote mbili ziliipatia lugha istilahi. Tofauti yao ilikuwa katika uwezo wa kusahihisha. Mtaalamu asiyeridhika na istilahi ya Jambo aliweza kufungua faili, kubadilisha neno, na kutoa toleo lake. Mtaalamu asiyeridhika na istilahi ya kampuni aliweza kuandika barua. Suala hili si dogo katika lugha ambayo Tanzania husema "kompyuta" na vitabu vya Kenya hupenda "tarakilishi", neno linalohusishwa na Sheikh Ahmed Nabhany (1927–2017), bingwa aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa. Hakuna kampuni iliyo na haki ya kuamua peke yake ni lipi kati ya hayo litakaloonekana machoni pa mwanafunzi kila asubuhi.

Hoja za wanaofunga

Wanaotetea kufunga hutoa hoja nne, na haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni ya riziki. Aliyekesha akitunga programu ana haki ya kula jasho lake. Hoja hii ni ya kweli, ila haielekezi lazima katika kufunga. Anayefungua msimbo bado aweza kulipwa kwa kuifunga programu hiyo mitamboni mwa shule, kwa kuifanyia matengenezo, na kwa kuirekebisha kwa mahitaji ya mchapishaji fulani. Hata hivyo lazima ikubaliwe kwamba mapato ya namna hiyo yanahitaji wateja walio karibu na walio tayari kulipia huduma, na soko la programu za Kiswahili bado ni dogo. Anayemhimiza kijana afungue huku yeye mwenyewe analipwa mshahara na chuo kikuu hana budi kulikumbuka hilo.

Hoja ya pili ni ya mafanikio. Inasemwa kwamba M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007, haikufunguliwa msimbo wake na ikaenea nchini kote. Ni kweli. Lakini M-Pesa ni chombo cha kupitishia fedha. Mtumiaji anahitaji kujua kwamba fedha imefika, wala hahitaji kuijadili sarufi ya chombo. Katika mfano wa kinyume, mwezi wa Januari 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, watunzi kadhaa waliunda Ushahidi, mtambo wa kukusanya taarifa za raia na kuzionyesha katika ramani. Wao walifungua msimbo wao, na mwaka 2010 ukatumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mifano hii miwili haipingani. Inaonyesha kwamba uamuzi hutegemea programu inafanya kazi gani. Programu inayopitisha fedha na programu inayohukumu lugha si kitu kimoja.

Hoja ya tatu ni ya utunzaji. Kilicho cha wote, husemwa, si cha mtu. Programu nyingi huria hupamba moto mwaka wa kwanza, ufadhili ukaisha, kisha zisiendane na mashine mpya. Hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na watetezi wa kufungua mara nyingi huikwepa. Itarudiwa hapa chini.

Hoja ya nne ni ya heshima. Sauti ya bibi si orodha ya maneno. Akirekodiwa akisimulia, pamerekodiwa pia pumzi yake, kicheko chake, na pengine majina ya watu wa nyumba yake. Sauti hiyo ikiachiwa wazi, yaweza kuchukuliwa na kufunzwa mashine izungumzayo kama yeye, ikauza bidhaa asizozijua. Si hofu ya kubuni. Shirika la Te Hiku Media la Wamaori wa New Zealand lilikusanya zaidi ya saa 300 za sauti za wazungumzaji wa Kimaori katika siku chache, kisha likakataa kuziweka wazi kwa kila mtu. Badala yake liliandika leseni yake lenyewe, yenye msingi wa dhana ya Kimaori ya ulezi: anayetaka kuzitumia sauti aombe, na faida iwarudie wenye lugha. Kwa upande wa pili, mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza kazi ya Kiswahili kwa nguvu mwaka 2021, ulikusanya sauti za kujitolea na katika miaka yake ya mwanzo kuzitoa pasi na sharti lolote la hakimiliki. Watu wa nia njema wamo katika kila upande.

Sadaka, wakfu na amana

Mjadala huu umeazima maneno ya kigeni kwa muda mrefu, ilhali pwani ina maneno yake yaliyokomaa kuhusu namna za kutoa mali. Matatu kati ya hayo yanafaa.

La kwanza ni sadaka. Anayetoa sadaka hutoa na kumaliza. Aliyepokea aweza kula, kugawa, hata kuuza. Kuna leseni za programu za namna hii. Leseni ijulikanayo kwa jina la MIT humruhusu mpokeaji afanye atakalo, ikiwa ni pamoja na kuichukua kazi, kuiongezea kidogo, na kuifunga, mradi tu alihifadhi tangazo la mtunzi.

La pili ni wakfu. Mtu akiweka wakfu kisima, kila mpita njia atakunywa, lakini hakuna atakayekiuza, kukirithi wala kukizungushia ukuta, awe ni yule aliyekichimba au mwanawe. Sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa hata baada yake. Hiyo ndiyo maana ya leseni ya GPL, iliyotolewa kwanza mwaka 1989. Inamruhusu kila mtu kutumia, kusoma, kubadilisha na kusambaza, hata kwa kuuza, lakini anayesambaza toleo alilolibadilisha hana budi kutoa msimbo wake kwa masharti yale yale. Kwa kuwa baadhi ya makampuni hayasambazi programu bali huiweka katika mitambo yao na kuwauzia watu huduma, mwaka 2007 ilitolewa leseni ya AGPL katika toleo linaloambatana na GPL ya tatu, ili sharti hilo liwafikie na hao pia.

La tatu ni amana. Aliyewekewa amana hana milki. Anakihifadhi kitu kwa ajili ya mwenyewe, hukitumia kwa ruhusa tu, na hukirudisha kikitakiwa. Leseni ya Wamaori iliyotajwa hapo juu yaelekea huko.

Kosa la pande mbili za mjadala sasa laweza kuonekana wazi. Wanaotaka kila kitu kifunguliwe wanataka sauti za watu, zilizo amana, zitolewe sadaka. Wanaotaka kila kitu kifungwe wanaifanya milki yao orodha ya maneno ambayo wao wenyewe waliipokea bure. Kwa mujibu wa uhakiki huu, kazi ya kijana wa Mkomani ingegawanywa sehemu tatu. Orodha ya maneno ya Kimvita itolewe kama sadaka, kwa sababu maneno ni ya wazungumzaji wote na yataingia kamusini kwa namna yoyote. Kinachodaiwa ni kutaja yalikopatikana, jambo ambalo Krapf hakulifanya na Johnson alilifanya. Programu yenyewe, pamoja na kanuni zake za kuchanganua maneno, iwe wakfu. Sauti zibaki amana.

Sababu ya kuifanya programu kuwa wakfu na si sadaka inatokana na asili ya Kiswahili. Programu ya tahajia ya Kiingereza yaweza kutegemea zaidi orodha. Ya Kiswahili haiwezi, kwani kitenzi kimoja huzaa maelfu ya maumbo. Neno "hawajatupigia" lazima livunjwevunjwe: kikanushi, nafsi, wakati, mtendewa, mzizi, kiambishi cha kutendea, kiishio. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza kazi ya namna hii katika miaka ya 1980, akijenga juu ya nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983, ambayo huoanisha umbo la ndani la neno na umbo linaloandikwa. Kanuni za namna hiyo ni sarufi kamili. Anayezifunga amefunga kitabu cha sarufi, na anayezitoa sadaka amemruhusu mwingine akifunge. Wakfu peke yake ndio unaohakikisha kwamba mwanafunzi wa isimu atakayezaliwa kesho ataweza kuzisoma kanuni hizo, kuonyesha zilipokosea, na kuziongezea lahaja yake.

Mipaka ya mfano

Mfano wowote huchechemea mahali, na huu wa wakfu una mipaka miwili. Kwanza, kisima hupungua maji kinapochotwa na wengi, ilhali programu haipungui. Msimbo ukinakiliwa mara elfu, asili yake i pale pale. Tofauti hii inaimarisha hoja ya kufungua, kwani sababu kubwa ya kuzuia watu, yaani uhaba, haipo.

Mpaka wa pili ni mgumu zaidi. Wakfu wa kweli huwa na msimamizi, na mara nyingi huwekewa chanzo cha mapato ili msikiti upakwe chokaa na kisima kisafishwe. Wakfu usio na msimamizi huliwa na mchwa au na majirani. Hapa ndipo hoja ya tatu ya wanaofunga inaporudi. Kuweka msimbo hadharani bila kumteua wa kuutunza si kuweka wakfu, ni kutupa. Watetezi wa programu huria wameandika sana kuhusu haki za mtumiaji, na kidogo mno kuhusu wajibu wa msimamizi. Ikiwa idara za Kiswahili za vyuo vikuu zinataka vijana wafungue kazi zao, basi ni juu ya idara hizo kukubali usimamizi: kupokea masahihisho, kuyapima, kutoa matoleo mapya kila mwaka, na kuihesabu kazi hiyo kuwa ya kitaaluma wakati wa kupandisha vyeo. Mhadhiri hupata sifa kwa kuandika makala kuhusu mofolojia. Yule aliyeiandika mofolojia hiyo kwa namna inayofanya kazi katika mashine ya kila mwandishi anastahili sifa isiyopungua hiyo.

Kwa upande wa amana pia pana wajibu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mtu binafsi, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inazilinda jamii. Lakini sheria haimsaidii bibi asiyejua alichokubali. Leseni karibu zote zinaandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mwenye kutoa sauti huambiwa abonyeze "nakubali". Ridhaa ya namna hiyo ni jina tu. Hapa wasomi wa lugha wana kazi ambayo watunzi wa programu hawawezi kuifanya: kuandika masharti ya sadaka, ya wakfu na ya amana kwa Kiswahili kinachoeleweka kikisomwa kwa sauti barazani, kila moja lisizidi ukurasa mmoja.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba suala la kufungua au kufunga programu za Kiswahili haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Programu inayotoa hukumu juu ya lugha ni matini, na matini isiyosomeka haihakikiki. Kwa hiyo msimbo wa programu hizo ustahili kufunguliwa kwa namna isiyoruhusu kufungwa tena. Orodha za maneno zitolewe kwa wote, pamoja na majina au angalau mahali pa waliozitoa. Sauti zihifadhiwe kwa idhini ya wenye sauti. Hoja ya riziki haijajibiwa yote, na haitajibiwa mpaka taasisi zinazotaka kazi hizi zikubali kuzilipia na kuzisimamia.

Binns hakuhitaji kuomba ruhusa ya kumsahihisha Krapf. Alihitaji nakala ya kitabu, na kitabu kilikuwapo. Kijana wa Mkomani naye atakufa siku moja, na programu yake itabaki na makosa yake, kama kila kamusi. Ikiwa msimbo wake utakuwa umefungwa, mato, ndia na mtele vitaendelea kupigiwa mstari mwekundu au kuachwa kwa uamuzi wa mtu asiyeweza tena kuulizwa. Ikiwa utakuwa wazi na wenye msimamizi, mwanafunzi wa mwaka wa pili ataweza kuufungua, aione kanuni iliyokosea, na kuirekebisha.